Nani Atamtembelea Yohane Gerezani?

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka A
Masomo: Isa. 35:1-6, 10, Yak. 5:7-10, Mt. 11:2-11



Dominika hii ya leo Mama Kanisa huiita Dominika ya Furaha. Mshumaa wa tatu wa Majilio umewashwa, na nabii Isaya anatutangazia kwamba jangwa litachanua maua, mikono iliyolegea itatiwa nguvu, na waliokombolewa watarudi kwao wakiimba. Lakini mara baada ya maneno hayo matamu, Injili inatuchukua na kutuingiza mahali pasipo na maua wala nyimbo. Inatuingiza gerezani.

Humo yumo Yohane Mbatizaji. Mtu aliyezoea upepo wa jangwani na maji ya mto Yordani sasa amefungiwa ndani ya kuta, kwa sababu alimwambia Herode bila kumung'unya maneno kwamba si halali kwake kuishi na mke wa ndugu yake. Naye, akiisha kusikia habari za matendo ya Kristo, anawatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama yeye ndiye waliyemngojea, au kama wamtazamie mwingine.

Wahubiri wengi huanza kwa kulieleza swali hilo, na kufanya hivyo ni vema. Sisi leo tunawaombeni, ndugu wapenzi, tuwatazame kwanza wale ambao kwa kawaida hatuwajali sana, yaani wanafunzi wa Yohane. Injili haitutajii majina yao. Inatuambia tu kwamba walitumwa, wakaenda, wakauliza, wakaondoka na jibu. Lakini tujiulize: mfungwa angewezaje kuwatuma kama hawakuwa wakifika kwake? Basi walikuwa wakimtembelea. Tena siku zile mfungwa hakutegemea jiko la gereza. Mwenye jamaa au rafiki ndiye aliyekula vizuri. Ndiyo maana katika kitabu cha Matendo ya Mitume liwali Felisi, alipomweka Paulo kifungoni, aliagiza rafiki zake wasizuiwe kumhudumia (taz. Mdo. 24:23). Kwa hiyo twaweza kufikiri kwamba wale waliobeba swali la Yohane kumpelekea Yesu ndio hao hao waliokuwa wakibeba mkate kumpelekea Yohane. Na Herode alipomkata kichwa, ni wao waliokuja kuuchukua mwili wake na kuuzika (taz. Mt. 14:12). Walikuwa naye mpaka kaburini.

Tukumbuke tena jambo moja. Yohane huyu, kabla hajafungwa, aliulizwa na makutano kule mtoni wafanye nini. Akawaagiza wenye kanzu mbili wawagawie wasio nayo, na wenye chakula wafanye vivyo hivyo. Watoza ushuru aliwakataza kutoza zaidi ya kiasi. Hata askari walimwuliza, naye akawaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, bali watosheke na mishahara yao (taz. Lk. 3:10-14). Huyo ndiye aliyewafundisha wengine kugawana kanzu. Leo yeye mwenyewe yumo katika baridi ya gereza, wala hana pa kwenda kutafuta kanzu. Mwalimu wa kutoa amekuwa mtu wa kupewa. Je, waliomsikiliza wakati ule wanakumbuka yuko wapi?

Hapo, ndugu wapenzi, ndipo penye fundisho tunalotaka kulishika leo tunapojiandaa kwa Noeli. Mtumishi wa Injili anaweza kufikwa na siku ambayo yeye mwenyewe ni mhitaji, pamoja na mke wake na watoto wake. Siku hiyo Kanisa hupimwa kwa jambo moja: linamwendea, au linamsifu kwa mbali?

Gereza si kuta na makomeo tu. Vita navyo ni gereza. Mtu aliyezungukwa na vita hawezi kwenda shambani, hawezi kufika sokoni, hawezi kumpeleka mtoto hospitali wala kurudi nyumbani kwake. Nasi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kusafiri mbali ili kulifahamu gereza hilo. Ng'ambo ya maji wako ndugu zetu wa Kivu, wanaosali kwa Kiswahili kama sisi. Tangu mwaka 1996 vita vimewaka huko, vikapoa, vikawaka tena. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na katikati ya Februari mwaka huo huo ukafuata mji wa Bukavu. Watu waliokuwa wamekimbilia katika kambi za kandokando ya Goma walilazimika kuondoka tena, kwa maelfu mengi, wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hizo zina majina, zina ubatizo, na zina makatekista.

Kanisa la nchi hiyo limewahi kuonja uchungu huu hata katika viongozi wake. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliuawa katika mji wake, kwa kuwa hakukubali kuwaacha watu wake wala kunyamaza juu ya mateso ya wakimbizi. Aliyemfuata katika kiti hicho, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliwaandikia waamini wake barua kwa ajili ya Noeli ya mwaka 1999, akiyataja waziwazi mateso ya watu wake na kuwaita wasipoteze tumaini. Kwa sababu ya msimamo huo, mnamo Februari 2000 wenye mamlaka ya wakati ule walimzuia asirudi Bukavu, wakamwondoa na kumpeleka Butembo, mahali alipokuwa askofu hapo awali. Alirudishiwa jimbo lake mwezi Septemba, na wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, akafariki dunia akiwa Roma. Barua ya Noeli iligharimu kiasi hicho! Sisi tunaoandikiana kadi za Noeli zenye picha za nyota na kondoo tukumbuke kwamba habari njema ya Betlehemu, ikisemwa kwa ukweli wakati wa vita, ina bei yake.

Lakini leo hatutaki kusimama kwa maaskofu peke yao. Wako watumishi wadogo ambao hakuna kitabu kitakachoandika majina yao. Tunamfahamu sote katekista wa kigango. Ndiye anayepiga kengele Dominika ambayo padre hawezi kufika. Ndiye anayewafundisha watoto Komunyo ya kwanza chini ya mwembe, anayekaa na mgonjwa usiku, anayeongoza mazishi, anayepatanisha mume na mke. Vita vikija, watu humkimbilia yeye kwanza wakimwuliza: Mwalimu, tukimbie au tubaki? Naye hukimbia pamoja nao, akibeba kitabu cha sala badala ya sufuria. Wakifika ugenini, ndiye wa kwanza kutafutwa ili awakusanye watu, awaandike, awafariji. Na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa: Wewe, je, umekula?

Turuhusuni, ndugu wapenzi, tuungame hapa kosa letu wenyewe. Ilikuwa Desemba 1996, wakati mashua na mitumbwi vilipokuwa vikivuka ziwa usiku na mchana kuleta wakimbizi katika mkoa wa Kigoma. Katika kambi moja tulimkuta katekista aliyevuka pamoja na mkewe na watoto wao watano. Jambo la kwanza alilotuuliza lilikuwa hili: kama twaweza kumpatia katekisimu na chaki, kwa maana watoto walikuwa wengi na Noeli ilikuwa imekaribia. Tulifurahi mno. Tukampa vitabu, tukampa chaki, tukampa na orodha za kuandika majina. Kwa wiki tatu alifundisha kutwa kucha, nasi kila tulipofika tulimkabidhi kazi nyingine.

Usiku wa Noeli tuliadhimisha Misa Takatifu chini ya maturubai. Katekista yule aliongoza nyimbo akiwa amesimama pekupeku kwenye matope. Sisi, katika mahubiri yetu, tulimtolea mfano mbele ya watu wote. Tulisema: mtazameni huyu, amevua viatu kama Musa mbele ya kichaka kilichowaka moto, kwa kuheshimu mahali patakatifu. Watu wakapiga vigelegele. Yeye akainamisha kichwa.

Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye alikuwa na macho kuliko sisi, alitujia kando akasema kwa adabu: "Baba, samahani. Mwalimu hakuvua viatu. Aliviuza Jumatano anunue dawa ya mtoto."

Tangu siku hiyo hatujaisahau aibu ile. Tulikuwa tumeugeuza umaskini wa mtu kuwa pambo la mahubiri yetu. Tulimwona kila siku, tukamsifu, tukamtuma, tukamwombea. Tulichokosa ni kumtembelea. Kumtembelea mtu ni kuingia katika hema lake na kuona chungu kilichoko mekoni. Wanafunzi wa Yohane walifanya hivyo, sisi mapadre hatukufanya; akafanya yule mama, tena bila kutumwa na mtu.

Hapo huenda mmoja wenu akasema: Kazi ya Mungu ni ya kujitolea; katekista asitafute faida. Ni kweli asitafute faida. Lakini chakula cha watoto si faida. Bwana wetu mwenyewe, alipowatuma wafuasi sabini na wawili, aliwaambia wale na kunywa vya nyumba iliyowapokea, kwa kuwa mtenda kazi anastahili ujira wake (taz. Lk. 10:7). Mtume Paulo anafundisha kwamba ni agizo la Bwana kuwa wanaohubiri Injili wapate riziki kwa hiyo Injili (taz. 1 Kor. 9:14). Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa kimisionari iitwayo Ad Gentes, namba 17, uliwataja makatekista wetu kwa heshima kubwa, ukataka wale wanaojitoa kabisa kwa kazi hiyo wapate ujira wa haki utakaowawezesha kuishi inavyostahili. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 231, yasema kwamba walei waliowekwa katika utumishi wa Kanisa wana haki ya kupata malipo ya kuwatosha wao na familia zao. Tazameni neno hilo: haki. Tukimpa katekista debe la mahindi wakati wa Noeli, tusijione tumetoa sadaka kubwa. Huenda tumelipa sehemu ndogo tu ya deni.

Tena sheria hiyo haikumtaja mtumishi peke yake. Imeitaja familia yake. Jambo hili tulishike sana. Katika nchi jirani ya Msumbiji, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, familia za makatekista zilikusanyika katika kituo cha Guiúa, mkoani Inhambane, ili kusoma pamoja kazi ya katekesi: baba, mama na watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi 1992 watu wenye silaha walikivamia kituo hicho, wakawachukua, na zaidi ya ishirini kati yao wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto. Mapatano ya amani ya nchi hiyo yalitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba ya mwaka huo huo. Miezi sita tu zaidi, nao wangaliiona amani. Kanisa la Inhambane limekuwa likiwakumbuka kama mashahidi. Mashahidi wa Guiúa wanatufundisha kwamba mke wa katekista hatumiki pembeni, naye mtoto wa katekista hubeba sehemu ya msalaba ambayo hakuiomba. Anayemsaidia baba na kuwasahau walioko nyumbani amesaidia nusu ya mtumishi.

Basi, ndugu wapenzi, nasi tuulize kama makutano ya mtoni: tufanye nini? Tunawaleteeni mambo manne, ambayo kila parokia na kila jumuiya ndogo ndogo yaweza kuyaanza wiki hii.

La kwanza, twendeni tukaone kabla ya kukusanya. Walio karibu na kambi, au wenye familia za wakimbizi mitaani mwao, wachague watu wawili, mmoja wapo awe mama, waende wakaketi na kuuliza. Huenda watu hawahitaji nguo, wanahitaji sabuni. Huenda wana unga lakini hawana kuni. Huenda katekista anataka miwani, maana haoni tena maandishi ya kitabu. Mgao wa chakula katika kambi za nchi yetu umepata kupunguzwa zaidi ya mara moja, wafadhili walipopungukiwa fedha. Kwa hiyo tusiseme kwamba wakimbizi wanalishwa na mashirika, yatosha. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, isipokuwa amemwendea.

La pili, tutoe kinachofaa kuliwa na kuvaliwa. Hapa tunaye mwalimu kutoka Goma kwenyewe. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliyewapenda watoto wa mitaani, na kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Watu walimletea rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite. Akakataa, kwa kuwa chakula hicho kingewadhuru watu. Mwezi Julai 2007 wakamteka na kumwua, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Yohane aliwaambia watoza ushuru wawe waaminifu. Huyu wa mpakani alikuwa mwaminifu mpaka damu. Basi, tukijua kwamba kijana mmoja wa Goma alikufa ili maskini wasile kibovu, sisi tutathubutuje kupeleka maharage yaliyotobolewa na wadudu, na shati lisilo na kifungo hata kimoja? Sadaka ya Noeli itolewe kwanza, kabla hatujanunua kitoweo cha sikukuu. Kutoa ni moyo, si utajiri. Wala moyo haufahamiki kwa makombo.

La tatu, vitu vigawiwe na watu wengine, si katekista mwenyewe. Mara nyingi tunafika na gari, tunamkabidhi yeye magunia, tunaondoka. Tunamtia majaribuni bila sababu. Akichukua kibaba kwa ajili ya watoto wake, watu watasema ameiba. Asipochukua, watoto wake watalala njaa kando ya magunia. Mtume Paulo, alipopeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama, na mambo yaonekane safi mbele za Mungu na mbele za watu (taz. 2 Kor. 8:16-21). Nasi tufanye hivyo. Halmashauri ya Walei iwateue watu wawili au watatu, kiandikwe kilichopokelewa na kilichotolewa, kisomwe kanisani, nayo Caritas ya jimbo ijulishwe. Jina la katekista na la familia yake liandikwe katika orodha kama la wengine, lisitangulizwe wala kurukwa. Wala asiulizwe mtu kabila lake, au upande alioupenda katika vita. Mtoto wa mshindi na mtoto wa mshindwa huona njaa ile ile.

La nne, tusiishie Noeli. Kalenda ya Kanisa yenyewe inatukataza kusinzia baada ya sikukuu: tarehe 26 Desemba tunamkumbuka Stefano shahidi, na tarehe 28 Watoto Mashahidi waliouawa na Herode. Damu inafuata hori baada ya siku chache tu. Vivyo hivyo njaa ya wakimbizi haifuati sikukuu zetu. Mwezi Februari hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo jumuiya ziweke ahadi ndogo ya kila mwezi, kwa ajili ya katekista mmoja na familia moja, ahadi itakayotimizwa. Shilingi chache zinazofika kila mwezi ni bora kuliko mbuzi mmoja afikaye mara moja kwa mwaka. Na palipo na mjane wa katekista, au yatima wake, ahadi hiyo isizikwe pamoja na marehemu.

Tunajua watakaosema: Sisi wenyewe ni maskini. Mvua imekuwa haba, karo ya watoto inatungoja Januari. Hatuwapingi, tunakaa nanyi, tunaona. Lakini Paulo anapotafuta mfano wa watoaji hawataji matajiri. Anayataja makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika umaskini mkubwa na mateso, nayo yakaomba kwa bidii yaruhusiwe kushiriki (taz. 2 Kor. 8:1-5). Waliomba kutoa! Maskini anajua thamani ya kibaba, kwa hiyo kibaba chake hufika kikiwa kimejaa. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vya vigango kumi hulisha nyumba nyingi.

Sasa tuseme neno moja kwa ninyi makatekista, wahudumu na masista mnaotusikiliza katika kambi, au ng'ambo ya ziwa, penye milio ya bunduki. Yohane aliuliza gerezani kama Yesu ndiye au kama wamngoje mwingine. Ikiwa nanyi mmepata kuuliza hivyo usiku, msidhani mmeasi. Yesu hakumkemea Yohane kwa swali lile. Aliwaambia wale wajumbe wakamweleze waliyoyaona na kuyasikia, kisha, walipokwisha kuondoka, akamsifu mbele ya makutano kuliko alivyomsifu mtu mwingine yeyote. Basi ulizeni. Tena ombeni. Kusema kwamba mtoto ni mgonjwa na dawa hakuna si kukosa imani, wala si kuiaibisha kazi ya Mungu. Yule ndugu yetu aliyeuza viatu vyake hakutuambia, kwa sababu aliona haya. Nasi hatukumwuliza, kwa sababu hatukuona. Kati ya haya yake na upofu wetu mtoto wake angeweza kupotea. Msitufiche shida zenu. Mkituambia mnatuponya sisi.

Ndugu wapenzi, lazima tuseme kweli hata katika Dominika ya Furaha. Yesu hakuyavunja makomeo ya gereza la Yohane. Yohane hakutoka. Sisi nasi hatuna uwezo wa kuzima vita vya Kivu kwa debe la mahindi, wala hatuwaahidi wenzetu kwamba Noeli hii watalala kwao. Lakini Yohane hakufa akiwa amesahauliwa. Lilikuja jibu kutoka kwa Bwana, nalo lilikuja kwa miguu ya watu waliomfahamu, waliokuwa tayari kuutembea mwendo wote wa kwenda na kurudi. Tumaini lilimfikia mfungwa kwa njia hiyo. Mtume Yakobo katika somo la pili anatutolea mfano wa mkulima, anayengoja mvua za kwanza na za mwisho kwa uvumilivu. Nanyi wakulima mwajua kwamba anayengoja mvua halali, anapalilia.

Zimebaki siku chache. Tutajenga pango la Noeli makanisani mwetu, na watoto watapanga kondoo, wachungaji na Mamajusi. Tukipita mbele ya pango hilo tukumbuke mpango wa Injili ya Mathayo. Mamajusi wanafungua hazina zao, wanatoa zawadi, wanaondoka, na mara tu baada ya hayo malaika anamwamsha Yosefu usiku, amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri (taz. Mt. 2:11-14). Zawadi ilifika kabla ya safari ya ukimbizi. Twapenda kufikiri kwamba dhahabu ile iliwalisha njiani, wakapata na pa kulala ugenini. Aliyeitoa hakujua itatumika vipi. Alitoa tu iliyo bora, akairudia njia yake. Yosefu naye, mlinzi wa Familia Takatifu, mtumishi asiyeandikiwa hata neno moja alilolisema, hakutembea mikono mitupu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa safarini na kulelewa ugenini, uwaangalie watumishi wako na familia zao walio katika gereza la vita. Uwape wenye silaha moyo wa kuuliza, kama wale askari wa mtoni, wafanye nini. Na wakiisha kusikia, wafanye. Utupe sisi macho ya yule mama aliyeona miguu isiyo na viatu, na miguu ya wale wanafunzi wasiochoka kwenda gerezani. Uifanye Noeli yetu iwe ya kweli, kwako uliye Mungu, unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukieni ninyi nyote, na ikae nanyi daima. Tumsifu Yesu Kristo.